Umeme Gani kwa Maji ya Fedha?

Miongoni mwa mambo yaliyoingia majumbani mwetu katika miaka ya karibuni, na ambayo twaulizwa habari zake kila tukaapo barazani, ni haya maji yaitwayo maji ya fedha. Hatukusudii fedha ya kununulia unga na sukari, bali madini yenyewe, ile fedha ambayo wake zetu huvaa bangili zake na masonara huipima kwa gramu. Husemwa kwamba nyaya mbili za fedha zikitumbukizwa katika maji safi, kisha zikaungwa na umeme kwa muda, chembe ndogo mno za fedha hutoka katika waya na kuelea majini, na ya kuwa maji hayo huponya kila kitu, tangu mafua hata kisukari. Wataalamu huyaita koloidi ya fedha. Sisi tutaendelea kuyaita maji ya fedha, kwani ndivyo yalivyoitwa nyumbani kwetu yalipotufikia.

Nayo yalitufikia kwa njia ya Shangazi. Shangazi yetu huyu akaa Pangani, ana kisukari kwa miaka mingi, na mguuni ana kidonda ambacho kimekataa kufunga. Jamaa mmoja aliyeko Maskati alimpelekea sauti katika simu akimsifia maji haya, na Shangazi, ambaye amechoka na foleni na nauli na kufunguliwa kitambaa kila mara, aliipokea sauti ile kama mtu aliyeletewa barua ya faraja. Akamwagiza mpwa wetu amtengenezee chombo. Kijana huyu alisomea umeme katika chuo cha ufundi, na sasa ana meza yake Ngamiani atengenezapo redio na simu. Kwa adabu aliyolelewa nayo hakuanza kazi kabla ya kuja kwetu.

"Shikamoo Mjomba," alisema, "Bibi ameniagiza chombo, na chombo chenyewe ni chepesi. Waya wa fedha najua pa kuupata, glasi ipo. Kinachonitatiza ni umeme. Niutoe wapi?"

Tulimjibu kwamba tutalifikiri pamoja. Kwa muda wa kama wiki mbili tukalifikiri, yeye kwa kalamu na vyombo vyake, sisi kwa kuuliza maswali ya mtu asiyejua, ambayo wakati mwingine huwa na faida kuliko majibu. Haya tuyaandikayo ni yale tuliyoyapata. Twayaandika kwa sababu tunajua kwamba si nyumba yetu peke yake yenye mgonjwa aliyechoka na kijana ajuaye kuunga nyaya.

Jambo la kwanza lililotubidi kulifahamu ni kazi ya umeme katika glasi ile. Waya ulioungwa na upande chanya ndio unaoliwa: chembe za fedha huuacha waya na kuingia majini, kila moja ikiwa imepungukiwa na sehemu ya umeme wake. Upande wa pili, ule hasi, hutoka vipovu vya hewa ya haidrojeni, navyo vyatokana na maji yenyewe. Hakuna siri hapo. Ni kazi ya jamaa ya ile ya sonara anapochovya kidani cha shaba kikatoka na sura ya fedha, ila sonara hutaka fedha ishike juu ya kidani, na huyu ataka ibaki majini.

Na kazi hii ina hesabu yake kamili, aliyoionyesha Mwingereza Michael Faraday katika miaka ya 1830. Kiasi cha fedha kitokacho hakitegemei uzuri wa chombo wala nia njema ya mwenye chombo. Chategemea nguvu ya mkondo wa umeme na muda uliopita. Umeme wa ampea moja ukipita saa moja hutoa fedha gramu 4 na kidogo juu yake. Miliampea moja, yaani sehemu moja katika elfu, hutoa miligramu 4. Hesabu hii ni madhubuti hata wataalamu waliokutana Chicago mwaka 1893 waliifanya kuwa ndiyo mizani ya kupimia ampea yenyewe: ule umeme uwezao kuishusha fedha miligramu 1.118 kwa kila sekunde kutoka katika maji ya nitreti ya fedha. Mizani hiyo ilitumika mpaka mwaka 1948. Basi anayechagua umeme wa chombo hiki achagua kiasi cha fedha atakachokunywa mtu, naye mara nyingi hajui kwamba hicho ndicho anachokichagua.

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa kijana wa jirani, rafiki wa mpwa wetu. Alisema waya wa pasi mbovu ukatwe, ncha zake zifungwe kwenye fedha, na plagi itiwe ukutani. Pendekezo hili ni la mauti, na twalitaja kwa sababu limetoka katika kinywa cha kijana mwenye akili. Umeme wa ukutani hapa kwetu ni wa volti 230. Vile vifaa vya kukata umeme ambavyo mafundi wazuri huviweka majumbani kwa kumlinda mtu hukata pindi umeme unaopotea ufikapo miliampea 30, kwa kuwa zaidi ya hapo moyo wa binadamu waweza kuyumba ukasimama. Ni nyumba ngapi za Ngamiani, Makorora na Mabawa zilizo na kifaa hicho? Nasi watu wa pwani twatembea pekupeku juu ya saruji yenye maji, na hewa ya chumvi hula soketi zetu mpaka zinageuka rangi. Mtu wa namna hii kushika glasi ya maji iliyoungwa na ukuta ni kujichimbia.

Hata tukiiacha hatari, umeme ule haufai kwa kazi yenyewe. Umeme wa ukutani huenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde. Chembe inayotoka katika waya sasa hivi huvutwa kurudi kabla haijafika mbali. Ndiyo sababu hata dainamo ya baiskeli, ijapokuwa haiui mtu, haina faida hapa, maana nayo hutoa umeme wa kwenda na kurudi. Chombo hiki chataka mkondo mnyoofu, utokao upande mmoja na kwenda upande mmoja, kama utokao katika betri. Mpwa wetu alisoma kwamba wako watu ng'ambo wanaotumia umeme wa kwenda na kurudi kwa kuupandisha hata volti 10,000, kwa transfoma za taa za matangazo ya madukani. Tukamwambia afunge ukurasa huo.

Hapa na tuseme neno la pembeni. Umeme tunaoutisha hivi ni neema kubwa, na sisi watu wa mkoa huu ni miongoni mwa jirani zake wa zamani. Maporomoko ya mto Pangani yalianza kutoa umeme mwaka 1936, na mashamba ya mkonge yakawa miongoni mwa walioufaidi mwanzo. Hale ilifuata mwaka 1964 na megawati 21, na mwaka 1995 ikaja mitambo mipya ya Pangani yenye megawati 68. Leo bwawa la Mwalimu Nyerere huko Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024 na lililojengwa kwa megawati 2,115, limeifanya mitambo yetu ionekane kama kibatari. Hata hivyo mzee aliyefanya kazi Hale huweza kukueleza habari za maji na magurudumu mpaka chai ipoe, na hatujapata kuona anayeuheshimu umeme kuliko yeye. Ni vijana waliozaliwa soketi ikiwa tayari ukutani ndio wanaouchezea.

Tukaja kwenye chaja. Hapa ndipo wengi wanapoishia, kwa kuwa kila nyumba ina chaja tatu au nne zilizoachwa na simu zilizokufa. Chaja ya simu hutoa volti 5 za mkondo mnyoofu, na volti 5 katika maji safi hufanya kazi polepole mno. Chaja ya kompyuta ya mkononi hutoa volti 19 au karibu yake, nayo ina kasi ya kutosha. Shida ya chaja haionekani kwa macho. Ndani yake mna transfoma ndogo ambayo kazi yake ni kuutenga umeme wa ukuta na umeme unaoshikwa na mtu. Katika chaja iliyotengenezwa kwa uaminifu utengano huo ni wa kweli. Katika zile za bei ya kutupa, zinazofanana na za kweli kwa chapa na kwa rangi, utengano ni mwembamba, na siku moja volti 230 zaweza kuvuka. Mpwa wetu alizifungua mbili mezani kwake mbele yetu, moja nzito na moja nyepesi kama ganda la yai. Katika ile nyepesi, njia ya umeme wa ukuta na njia ya umeme wa simu zilipishana kwa nafasi isiyozidi unene wa ukucha. Kwa kuchajia simu iliyolala juu ya kabati, labda Mungu atastiri. Kwa kutia waya wake katika maji ambayo bibi mzee atayashika kwa mikono iliyolowa, hapana.

Betri ya pikipiki nayo ilitajwa, maana bodaboda zimejaa mjini na betri zilizotumika hupatikana kwa bei nafuu. Volti 12 hazimuui mtu. Lakini betri hii ni kama punda mwenye nguvu asiye na adabu: haina haya ya kutoa ampea nyingi kwa mpigo. Nyaya mbili za fedha zikigusana, waya huwa mwekundu, cheche huruka, na betri iliyo karibu yaweza kuwa imetoa haidrojeni inayongoja cheche hiyo tu. Humo ndani mna asidi. Nyumba yenye watoto haihitaji mgeni wa namna hii juu ya meza ya jikoni.

Sola ilitupendeza kuliko zote, na tukakaa nayo siku mbili nzima. Jua la Tanga halina bili. Paneli iitwayo ya volti 12 hufikia kwa kweli volti 18 ikifanya kazi juani, na kama 21 au 22 ikiwa haijabebeshwa mzigo, kiasi ambacho chatosha. Lakini jua nalo lina tabia zake. Wingu likipita umeme washuka, likiondoka wapanda, na mtu aliyekusudia kutoa miligramu 4 hajui ametoa 2 au 6. Tena paneli kubwa, kama betri ya pikipiki, ina ampea nyingi kuliko zinazotakiwa. Kwa taa na kwa kupandisha maji ya kisima tungeichagua sola bila kusita. Kwa kazi ya kupima kitu kitakachoingia tumboni mwa mtu, twataka umeme usiobadilika.

Mwisho tukafika kwenye betri ndogo za mraba za volti 9. Tatu zikifuatanishwa, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, hutoa volti 27. Hazina njia ya kukutana na ukuta. Hazina asidi ya kumwagika. Zikichoka, zinachoka kimya. Na lililo muhimu kuliko yote, mpwa wetu aliongeza kitu kidogo kinachouzwa bei ya pipi, nacho ni rezista. Alichagua ya omu 27,000, na hesabu yake hata mtoto wa shule aweza kuifanya: volti 27 kwa omu 27,000 ni miliampea 1, wala haiwezi kuzidi, hata nyaya za fedha zikigusana.

Kwa nini rezista? Kwa sababu maji safi hapo mwanzo hayapitishi umeme vizuri, lakini kila chembe ya fedha iingiayo hufungua njia kwa nyingine. Umeme hupanda, fedha huzidi kutoka, umeme hupanda tena, na asiyeweka kizuizi hukuta glasi imejaa utando mweusi, chembe zikiwa zimeshikamana kuwa madonge. Kila chombo tulichokitaja, chaja na pikipiki na sola, kina maradhi haya kikiachwa bila rezista. Twaweza kusema kwamba uchaguzi wa chanzo cha umeme ni nusu ya jambo, na nusu ya pili ni hicho kipande kidogo chenye mistari ya rangi ambacho wengi hukiruka.

Mpaka hapo kijana alikuwa amefurahi. Swali lake lilikuwa limejibiwa. Sisi tulikuwa bado na la kwetu, nalo lilianzia kwenye fedha yenyewe.

Shangazi alikuwa amempa bangili yake aikate, na juu ya bangili akaongeza rupia moja ya zama za Wajerumani aliyorithi kwa mama yake. Fedha hizi ni nzuri kwa kumbukumbu, lakini hazikuwa fedha tupu hata siku moja. Rupia ile ina fedha sehemu 917 katika 1,000. Reale ya Maria Theresa, ambayo bibi zetu waliipenda mno, ina 833. Fedha ya bangili nzuri za leo ni 925. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba, na umeme hauchagui: utaitoa fedha na shaba vile vile, na mgonjwa atakunywa zote mbili. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920, ambayo wazee huiita ya fedha, ilikuwa na robo tu ya fedha. Tulimrudishia Shangazi rupia yake siku ile ile, kwani rupia ya mama haikatwi kwa ajili ya jaribio la mezani. Wayawaya wa fedha safi, 999 katika 1,000, ulipatikana kwa sonara.

Maji nayo yana neno. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya bomba yametiwa klorini. Chumvi ikikutana na fedha hufanya kitu cheupe kama maziwa, kloridi ya fedha, ambacho kikiachwa penye mwanga hugeuka rangi ya zambarau hata kikawa cheusi. Ni jamaa ya kitu kilichopakwa katika filamu za picha za zamani. Wako wanaotia chumvi kwa makusudi ili kazi iende haraka, na hao ndio wanaojidhuru upesi. Na atakayekwenda kituo cha mafuta kununua maji ya betri akidhani ni maji safi na ajihadhari sana, maana ziko chupa za maji matupu na ziko chupa za asidi, na zasimama rafu moja.

Sasa tufike penyewe. Tuseme umeme ni mzuri, fedha ni safi, maji ni safi, rezista ipo. Lita moja ya maji, kwa miliampea 1 kwa saa moja, yaweza kupata miligramu 4 za fedha. Shirika la Afya Duniani, likizungumza juu ya fedha inayotumiwa kuhifadhi maji ya kunywa, lilisema miligramu 0.1 kwa lita yaweza kuvumilika. Maji ya chombo chetu, chombo kilichotengenezwa kwa uangalifu wote huo, yamezidi kiasi hicho mara 40. Shirika hilo hilo lilichukua gramu 10 kuwa ndizo mtu aweza kuzipata katika umri wake wote bila madhara kuonekana. Mwenye kunywa miligramu 1 kila siku atazifikia baada ya miaka 27. Mwenye chombo kisicho na rezista, akawa anakunywa miligramu 10, atazifikia kabla ya miaka 3 kwisha.

Na madhara yenyewe si hadithi. Fedha iliyozidi mwilini hulala katika ngozi, na jua likiipiga hugeuka rangi, na mtu akawa wa buluu ya kijivu, uso na mikono na kucha. Haiondoki kwa kusugua wala kwa kuacha kunywa. Huko Marekani mtu mmoja aitwaye Stan Jones, wa jimbo la Montana, alijitengenezea maji haya nyumbani tangu mwaka 1999 kwa kuogopa kwamba dawa zingeadimika mwaka 2000 utakapoingia. Mwaka 2000 uliingia, dawa hazikuadimika, naye alipogombea kiti cha Seneti mwaka 2002 aligombea na ngozi ya buluu. Mwingine, Paul Karason, ambaye alifariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa rangi yake tu. Watu hawa hawakuwa wajinga, na nyaya waliziunga vizuri.

Serikali ya Marekani mwaka 1999 iliamua kwamba dawa zenye fedha ya namna hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kuponya ugonjwa wowote, na Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia, iliwaandikia onyo waliokuwa wakiyauza maji haya kuwa ni tiba yake. Zaidi ya hayo, fedha tumboni huweza kuzizuia baadhi ya dawa zisiingie mwilini, zikiwamo baadhi ya antibiotiki. Kwa mwenye kidonda cha kisukari hilo si jambo la kupuuza, kwani antibiotiki yaweza kuwa ndiyo inayosimama baina yake na kukatwa mguu.

Hatutaki kuidhulumu fedha. Ina nguvu ya kweli juu ya vijidudu. Tangu miaka ya 1880 madaktari walikuwa wakidondosha nitreti ya fedha katika macho ya watoto wachanga, na wengi waliokolewa upofu. Tangu mwaka 1968 imekuwako krimu ya fedha na salfa inayopakwa juu ya majeraha ya moto. Viko vyungu vya udongo vya kuchujia maji ambavyo hupakwa koloidi hii hii ili vijidudu visiote ndani yake. Katika kazi zote hizo fedha iko nje ya mwili, kiasi chake kimepimwa, na yupo mtu aliyesomea kazi ile anayetazama.

Jirani mmoja aliyetukuta katika mazungumzo aliuliza kama kuyanywa maji haya hakuingii katika katazo tulijualo la kunywea vyombo vya fedha. Chombo hapa ni glasi, na fedha imo majini, na twajua pia kwamba kikombe cha Mtume (s.a.w.) kilipopasuka kiliungwa kwa fedha, kama alivyosimulia Anas. Hukumu tuliwaachia masheikh. Kwetu sisi hesabu ya miligramu ilikuwa imetosha.

Ikabaki kwenda Pangani kumwambia Shangazi, na kazi hii, twakiri, ilikuwa nzito kuliko ya umeme. Mtu aliyechoka hupenda kitu kipya, na hapendezwi na anayekuja na karatasi ya hesabu. Tulikumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga safu kwenda Loliondo kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500, na wagonjwa walioziacha dawa zao za hospitali kwa kukitumaini kikombe. Hatukumtajia habari hiyo. Tulikaa naye ukumbini, mpwa wetu akaketi mkekani karibu na miguu yake, na sisi tukamwomba tukione kidonda.

Alikifungua mwenyewe. Hatutakieleza. Tutasema tu kwamba kilikuwa kimeingia ndani kuliko alivyokuwa akitueleza kwa simu, na kwamba yeye mwenyewe hakusikia maumivu, nako kutosikia maumivu ndiko kunakoogopesha katika maradhi haya.

"Chombo kiko tayari?" alimwuliza kijana.

"Kiko tayari, Bibi. Lakini maji yake siyo ya kunywa."

"Basi nitaoshea."

"Wala ya kuoshea kidonda hiki, Bibi. Maji ya mezani kwangu hayakupimwa na mtu."

Shangazi akatutazama sisi, si yeye. "Mwanangu, mmenileta huyu mtoto anikataze?"

Tulimjibu kwamba yeye ndiye aliyemwagiza fundi, na fundi mwaminifu humwambia mwenye kazi habari za kazi. Kisha tukamwuliza ni mara ngapi amekwenda kusafishwa kidonda katika mwezi uliopita. Akanyamaza. Alikuwa hakwenda hata mara moja, tangu siku ile ya sauti kutoka Maskati. Alikuwa akiungoja umeme wetu.

Hapo tuliacha kuzungumza habari za fedha. Tulizungumza nauli, na nani atakayemsindikiza, na nyumba gani atakayofikia akija mjini, kwa maana hayo ndiyo yaliyokuwa yamemfungia ndani, wala si ukosefu wa dawa. Mkewe mpwa wetu alisema chumba cha mbele ki wazi. Siku ya tatu yake Shangazi alishuka Tanga, akapelekwa hospitali ya Bombo, kidonda kikasafishwa, na kiwango cha sukari kikapimwa. Sukari ilikuwa juu. Alipewa dawa na siku za kurudi, naye amekuwa akirudi.

Ama chombo, kijana alikiwasha jioni moja mezani kwake ili ajue kama hesabu yake ni kweli. Tulikuwako. Mita ilianza chini sana, ikapanda taratibu, ikakaribia miliampea 1, na kabla ya kuifikia ikawa kama iliyosimama, kama alivyosema. Alizima taa, akamulika glasi kwa tochi ya upande, na katikati ya maji yaliyoonekana matupu pakatokea mstari mweupe kama mwanga wa jua uingiao penye vumbi. Watoto wa mtaa walipiga kelele kwa furaha. Kisha akayamwaga, akaukunja waya wa fedha katika karatasi, na zile betri tatu za volti 9 akazipeleka msikitini, ambako kipaza sauti kisicho na waya kilikuwa kimekufa tangu Ijumaa iliyopita.

Kidonda bado hakijafunga, lakini kimepungua kina. Shangazi hajatusamehe kabisa. Husema kwa wageni kwamba aliagiza chombo, na badala ya chombo akaletewa familia nzima.